IMANI, TIBA NA UUGUZI: LUGHA YA AFYA KATIKA MWAMBAO WA ZIWA TANGANYIKA



1. Utangulizi

Mgonjwa anapopata nafuu mjini Ujiji, jirani anayekuja kumjulia hali husema, "Mungu amemponya." Yawezekana mgonjwa huyo alilazwa katika Hospitali ya Maweni, Kigoma, akatundikiwa maji na kupewa dawa ya malaria kwa siku kadhaa. Yawezekana pia kwamba nyumbani kwake ilisomwa dua, au wanajumuiya wa kanisa lake walikuja kusali. Msemaji hamnyimi tabibu haki yake, wala hadai kwamba dawa haikufanya kazi. Ametumia kitenzi kuponya, ambacho Kiswahili kimekitenga na kutibu. Kitenzi cha tatu, kuuguza, hakikutajwa kabisa, ingawa kazi yake ndiyo iliyochukua saa nyingi zaidi za ugonjwa huo.

Uhusiano wa imani na afya ni suala linalojadiliwa duniani kote, na mara nyingi hujadiliwa kama mashindano: ni nani mwenye afya njema zaidi ya mwili na ya akili, anayeamini au asiyeamini? Mhadhara huu unakusudia kulipanga swali hilo upya kwa kutumia msamiati na historia ya eneo moja, yaani Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu, katika muda wa miaka thelathini hivi, kuanzia 1858, lilikutanisha waganga wa Kiha na wa Kitongwe, Waislamu waliokuja na misafara ya biashara, wamisionari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, na hata wasafiri waliozitilia shaka dini zote. Wote waliugua homa zilezile, na wote walihitaji maneno ya kuusemea ugonjwa.

Hoja inayotetewa ni hii: imani haiingii mwilini kwa njia ile inayopita dawa. Athari yake kubwa kwa afya hupitia kwa watu inaowaleta kando ya kitanda cha mgonjwa, na kwa milango ya tiba inayoifungua au kuifunga. Ukweli wa dini yoyote haujadiliwi hapa, kwani jambo hilo liko nje ya uwezo wa isimu. Kinachojadiliwa ni maneno na matukio.

2. Vitenzi vitatu na mgonjwa mmoja

Kiswahili kina nomino mbili kuu za hali njema ya mwili. Ya kwanza, afya, ina asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kusalimishwa na kusamehewa. Neno afueni ni ndugu yake: mgonjwa aliyepata afueni ni kama mtu aliyeachiliwa. Ya pili, uzima, ni ya Kibantu, na mzizi wake -zima una maana ya kitu kisicho na upungufu. Kikombe ambacho hakijavunjika ni kizima, na mtu aliyekomaa ni mtu mzima. Neno moja lina harufu ya rehema na lingine la ukamilifu, na wala hakuna linalotenganisha mwili na akili.

Vitenzi vya ugonjwa vinaonyesha zaidi. Mswahili husema "naumwa", kauli ya kutendwa ya kitenzi kuuma, kana kwamba kuna kitu kinachomng'ata. Husema ameshikwa na homa, amepatwa na maradhi. Sarufi yenyewe inaacha nafasi ya mtenda, na utamaduni hujaza nafasi hiyo. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Tanzania hutofautishwa ugonjwa wa Mungu, ambao ni ugonjwa wa kawaida, na ugonjwa wa mkono wa mtu, ambao hudhaniwa umetumwa.

Sasa vichunguzwe vitenzi vitatu vilivyotajwa mwanzoni. Kutibu ni kitenzi cha shughuli. Mtu anaweza kusema bila kujipinga, "Daktari alimtibu, lakini hakupona." Kuponya ni kitenzi cha tokeo. Sentensi "Alimponya, lakini hakupona" haikubaliki, kwa kuwa kupona kumo ndani ya kuponya. Kuuguza kinatokana na kuugua kwa kiambishi cha kusababisha. Kwa umbo kingeweza kumaanisha kumfanya mtu augue, lakini maana yake halisi ni kukaa na mgonjwa katika kuugua kwake: kumlisha, kumwosha, kumgeuza kitandani, kukesha naye. Mtu huweza kumuuguza mwenzake hadi akafa, na hakuna atakayesema kazi yake haikufanyika.

Mgawanyo huu una matokeo ya kiafya. Kwa kuwa tokeo limeachiwa Mungu na shughuli imeachiwa tabibu, muumini wa Ujiji anaweza kwenda hospitali bila kuhisi ameisaliti dini yake. Mafundisho ya dini kuu mbili za eneo hili yanamruhusu pia. Uislamu unafundisha kwamba kila maradhi yamewekewa dawa yake na kwamba kujitibu ni jambo jema. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki wanakikubali, kinamtaka muumini amheshimu tabibu na asiikatae dawa itokayo ardhini. Hatari huanza pale ambapo mwanadamu, awe mganga, mhubiri au daktari, anapojitwalia kitenzi kuponya na kuwaambia watu kwamba vile viwili vingine havihitajiki tena.

Lugha za jirani zinaonyesha kwamba mawazo haya hayakuletwa na misafara peke yake. Neno la Kiha na Kirundi la ugonjwa, indwara, lina mzizi uleule wa neno la Kiswahili ndwele, lililobaki katika methali, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Kuganga katika methali hiyo kuna maana ya awali ya kufunga na kuunga kilichovunjika, kama mfupa. Mganga, kwa asili ya neno, ni muungaji. Anayetafuta mtenda wa siri, yaani mpiga ramli, huitwa katika lugha kadhaa za Maziwa Makuu kwa mzizi mwingine, -fumu, kama umupfumu wa Kirundi. Hivyo kazi ya kuunga mwili na kazi ya kufichua chanzo zimepewa majina tofauti, hata kama mara nyingi mtu mmoja amezifanya zote mbili.

3. Homa haikuuliza dini

Historia ya Ujiji inatoa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Richard Burton na John Speke walifika hapo Februari 1858. Burton, ambaye alizisoma dini nyingi na kuzitilia shaka zote, alikuwa hawezi kutembea vizuri kwa maradhi. Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1878, wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji. Mmoja wao, J. B. Thomson, alifariki Septemba mwaka huohuo, na mwenzake A. W. Dodgshun akafariki Aprili 1879, siku chache baada ya kuwasili. Mwenye shaka aliondoka akiwa hai. Waliokuja kwa ajili ya Injili walizikwa Ujiji. Hakuna hekima ya kidini inayoweza kujengwa juu ya tofauti hiyo. Inaonyesha tu kwamba vimelea vya malaria na vya kuhara havichagui.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa David Livingstone. Mwanzoni mwa mwaka 1869, akiwa magharibi ya ziwa, aliugua mapafu vibaya mno, akashindwa kutembea. Aliyemwokoa alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, ambaye Livingstone anamwandika kwa jina la Mohamad Bogharib. Mtu huyo alimtafutia dawa, akaagiza abebwe kwenye machela hadi ziwani, na Livingstone akafika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Haifai kulipamba tukio hili. Bogharib alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, biashara ambayo mgonjwa wake aliichukia na kuipiga vita. Hata hivyo mmisionari aliuguzwa na msafara aliokuwa akiulaani, na akaishi miaka minne zaidi.

Hapa ndipo tofauti ya vitenzi inapofafanua tukio. Dawa za wakati ule ziliweza kidogo dhidi ya ugonjwa wa mapafu. Imani ya Livingstone haikupungua wala kuongezeka kati ya Januari na Machi. Kilichobadili hali yake ni mabega yaliyombeba na mikono iliyomlisha. Mikono hiyo nayo iliongozwa na maadili ya dini nyingine, ambayo humfanya mgeni mgonjwa kuwa amana. Imani iliponyesha, kama neno hilo linaruhusiwa, kwa kupitia uuguzi.

4. Karema: tabibu aliyekuwa katekista

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadri Weupe, walifika Ujiji Januari 1879, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Karema, kusini zaidi katika mwambao huohuo wa mashariki. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango wa kuwasomesha Waafrika udaktari ili wawe makatekista na matabibu kwa pamoja. Mmoja wa vijana hao ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, kisha akapelekwa kusoma tiba katika kisiwa cha Malta. Aliwasili Karema mwaka 1889 na hakuondoka tena. Alifanya kazi hapo hadi alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka ipatayo 67. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Mpango wa Lavigerie ulikuwa na nia iliyo wazi: mwili uwe njia ya kuifikia roho. Mtu anaweza kuukosoa, na wengi wameukosoa, kwa kuwa mgonjwa ni dhaifu, na anayempa dawa ana nguvu juu yake. Lakini miaka 67 ya Karema inafundisha jambo lingine pia. Atiman hakuwa mgeni wa msimu. Alioa katika nchi hiyo, akalea familia yake hapo, na mwanawe akawa padri. Wagonjwa walimjua kama jirani. Mtu aliyeugua usiku alimwendea Atiman yuleyule aliyemsomesha sala mchana, na hakuhitaji kuamua kama anaingia mlango wa dini au mlango wa tiba, maana ulikuwa mlango mmoja. Hospitali za madhehebu zilizokuja baadaye mkoani Kigoma, kama Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Waadventista, zimerithi hali hiyo. Wagonjwa wao ni wa dini zote na wasio na dini.

5. Mjonso: dawa isiyohitaji kuaminiwa

Ili ijulikane imani inafanya nini, ni lazima pia ijulikane dawa inafanya nini bila imani. Mwambao huu umetoa ushahidi wa ajabu juu ya jambo hilo. Novemba 1987, katika milima ya Mahale kusini ya Kigoma, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mtongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, waliokuwa wakiwafuatilia sokwe, walimwona sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku akiwa mgonjwa, mlegevu na asiyetaka kula. Chausiku aliuendea mti ambao sokwe hawautumii kwa chakula cha kila siku, akamenya maganda ya tawi changa, akatafuna kiini chake kichungu, akameza maji yake na kutema makapi. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu na hamu ya kula.

Mohamedi Seifu alikuwa mjuzi wa dawa za kwao, na aliutambua mti huo mara moja. Ni mjonso, ambao Watongwe huutumia kwa maumivu ya tumbo, minyoo na homa. Uchunguzi wa maabara uliofuata ulionyesha kwamba kiini hicho kina kemikali zinazodhuru vimelea vya tumboni. Wawili hao walichapisha matokeo yao mwaka 1989 katika jarida la Primates. Katika simulizi za ukoo wa Seifu imo habari ya babu yake, Kalunde, aliyejifunza dawa ya kuhara kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mti uitwao mulengelele.

Sokwe hana dua wala tambiko, na mjonso ulimfaa. Hivyo anayesema kwamba dawa za asili ni imani tupu amekosea, na anayesema kwamba dawa hizo hazifanyi kazi bila maneno ya mganga amekosea vilevile. Lakini Chausiku alikuwa na kasoro moja: alijitibu peke yake. Binadamu mgonjwa kupita kiasi hawezi kwenda porini kumenya tawi. Anahitaji mtu wa kumletea, na kabla ya hapo anahitaji mtu atakayeutaja ugonjwa wake kwa jina linaloelekeza kwenye dawa. Kwa hiyo swali linarudi kwenye maneno.

6. Degedege na pepopunda

Hakuna neno la Kiswahili linaloonyesha uzito wa jambo hili kuliko degedege. Ni uradidi wa dege, yaani ndege mkubwa. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, macho yakageuka, mikono ikatikisika kama mbawa. Watu wengi walieleza hali hiyo kwa habari ya ndege wa kishetani au kivuli chake kupita juu ya mtoto. Tafiti zilizofanywa katika miaka ya 1990 sehemu za Bagamoyo na Kilombero zilionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga kabisa degedege na malaria. Malaria ilikuwa homa ya hospitali. Degedege ilikuwa ya mganga. Zaidi ya hayo, iliaminika kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Kitabibu, mtukutiko huo mara nyingi ni dalili ya malaria kali, na kila saa inayopotea inaweza kuwa ya mwisho. Imani hiyo basi ilimfungia mtoto mlango katika saa aliyouhitaji zaidi. Jambo hili si dogo kwa Kigoma. Katika uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, mkoa huu ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote: asilimia 24 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikutwa na vimelea.

Hata hivyo ni kosa kuwaita wazazi hao wajinga. Mtoto aliyepelekwa kwanza kwa mganga alifika hospitali akiwa taabani. Akachomwa sindano, akafa. Jirani aliyeona hayo mara mbili alikuwa na ushahidi wa macho yake kwamba sindano inaua. Historia nayo ina sehemu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika nchi za maziwa, na madaktari wa Kijerumani waliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa ambayo iliwapofusha baadhi yao. Hofu ya sindano ilikuwa na sababu zake kabla ya kuwa itikadi.

Wengine hudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kulifuta neno. Neno pepopunda linakanusha dhana hiyo. Nalo limejengwa kwa jina la pepo, kiumbe kisichoonekana, likieleza mwili unaokakamaa. Lakini leo mama mjamzito hufika kliniki na kudungwa chanjo ya pepopunda bila kumfikiria pepo wala punda. Jina limebaki kama ganda, na ndani yake imewekwa maana mpya. Tofauti kati ya maneno haya mawili haimo katika asili yake. Imo katika agizo lililoning'inizwa kwenye kila moja. Pepopunda lilikuja kubeba agizo "chanja". Degedege lilibeba kwa muda mrefu agizo "usichome sindano". Walimu wa afya walipoacha kulidharau neno degedege na kuanza kusema kwamba degedege yenyewe ni malaria kali, mtoto awahishwe hospitali, walifanya kazi ya isimu iliyo bora.

Nchi nzima iliona mlango kama huo ukifungwa mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na umati wa watu ukasafiri kutoka kila upande. Faraja waliyoipata wengi haikuwa ya uongo. Madhara yaliwapata wale walioamini kwamba wameshaponywa, wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kikombe hakikuwadhuru. Kilichowadhuru ni kuacha dawa.

7. Wazimu, kifafa na upweke

Kuhusu afya ya akili, msamiati wa Kiswahili unasema waziwazi zaidi. Wazimu kwa asili ni wingi wa mzimu. "Ana wazimu" ilikuwa na maana ya "yuko na mizimu", na mwendawazimu ni mtu anayekwenda nayo. Mzizi huo usichanganywe na -zima ya uzima. Mtu aliyepandwa na pepo huitwa katika ngoma za uganga kiti cha pepo, au mwele, neno lenye undugu na ndwele.

Ngoma hizo zimekemewa na mashehe na mapadri kwa muda mrefu. Kwa jicho la uuguzi, zilimpa mgonjwa mambo matatu: jina la taabu yake, siku kadhaa ambazo yeye ndiye kitovu cha shughuli, na kundi la wenzake waliopitia hayohayo. Mwanamke mwenye huzuni ambayo leo ingeitwa sonona alipata humo watu wa kumsikiliza. Kisomo cha Kurani na maombi ya kanisani hutoa mambo yaleyale kwa lugha nyingine. Ni kweli hasa kwa watu waliopoteza kila kitu. Wakimbizi wa Kongo waliofika Kasulu tangu mwaka 1996 na kukaa Nyarugusu, na Warundi waliovuka mwaka 2015 kupitia Kagunga huku kipindupindu kikiwaandama, walihitaji dawa, chumvi na maji safi. Walihitaji pia watu wa kulia pamoja nao.

Lakini imani inaweza pia kumfukuza muuguzi. Kifafa, neno lililofungamana na kufa, ni mfano mchungu. Huko Mahenge, kusini mwa nchi, ambako Dakta Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Aliyeanguka motoni hakuguswa na mtu, akaungua. Ugonjwa ambao vidonge vya bei nafuu vinaweza kuutuliza uligeuka makovu na upweke. Kadhalika mgonjwa wa akili aliyefungwa kamba kwa sababu anadhaniwa ana jini amenyimwa vyote viwili, tiba na uuguzi, kwa jina la imani.

8. Je, asiyeamini?

Kiswahili hakina jina tulivu la mtu asiye na dini. Kafiri, mpagani, mkanamungu: yote ni majina ya kushtaki. Hesabu yao nayo haijulikani, kwa kuwa sensa za Tanzania hazijauliza dini tangu mwaka 1967. Kwa hiyo ni vigumu kulinganisha afya yao na ya wengine katika mwambao huu, na ushahidi hauna budi kutafutwa mbali.

Nchini Marekani, utafiti uliofuatilia wauguzi wanawake 74,534 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kamwe. Sehemu ya tofauti hiyo ilielezwa na msaada wa kijamii, kutovuta sigara na upungufu wa sonona. Kinyume chake, utafiti mkubwa wa maombi uliochapishwa huko mwaka 2006, wa wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo, ulionyesha kwamba waliojua kwa hakika wanaombewa na watu wasiowafahamu walipata matatizo zaidi, asilimia 59, kuliko walioombewa bila kuwa na hakika, asilimia 52. Watafiti walidhani huenda walitishika: "Kumbe hali yangu ni mbaya hivi?" Na katika nchi za Denmark na Sweden, ambako watu wachache huenda ibadani, wastani wa umri wa kuishi umevuka miaka 80.

Matokeo haya matatu yanaonekana kugombana. Yakisomwa kwa vitenzi vya Kiswahili, yanapatana. Ibada ya kila wiki ni uuguzi unaotangulia ugonjwa, kwa kuwa anayekosekana huulizwa. Maombi ya mgeni aliye mbali, asiyeleta uji wala kushika mkono, hayana sehemu hiyo. Na mahali ambapo dola imejenga uuguzi wa umma kwa kodi, asiyeamini hapungukiwi, kwani mlango wake wa tiba uko wazi na kitanda chake kina mtu pembeni. Kigoma, ambako uuguzi mwingi bado uko mikononi mwa ukoo, msikiti, jumuiya na kwaya, anayejitenga na vyote hivyo hupata hasara ya afya. Hasara hiyo haitokani na fikra zake juu ya Mungu. Inatokana na idadi ya watu watakaobisha hodi akiugua.

9. Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, wanaotafsiri maneno ya tiba, katika taasisi za Kiswahili na katika Wizara ya Afya, wasiishie kutafuta kisawe. Wachunguze neno linabeba agizo gani. Istilahi mpya isiyoeleweka Mwanga na Kibirizi haina faida kuliko neno la zamani lililotiwa maana mpya. Pili, viongozi wa dini wana mamlaka juu ya kitenzi kuponya. Shehe au mchungaji anayemaliza dua kwa kusema "sasa mpelekeni hospitali" ameokoa maisha kwa sentensi moja. Anayesema "tupeni dawa" anaweza kuua kwa sentensi fupi zaidi. Tatu, watu wa hospitali wasione jamaa waliojaa wodini kuwa kero tu. Mara nyingi hao ndio nusu ya tiba, na dini ya wengi wao ndiyo iliyowaleta.

Mganga, tabibu na daktari watabadilika, na dawa zitabadilika. Muuguzi hatabadilika. Awe na msahafu, rozari au mikono mitupu, kazi yake ni ileile iliyofanyika kwenye machela mwaka 1869: kukaa na mtu katika kuugua kwake, na kuhakikisha hakuna aliyemfungia mlango.